Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: Lugha za kigeni zinataka saa

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Wakuu wa Vitivo, wajumbe wa Seneti na kamati za mitaala, na kila mwenye kalamu ya kupitisha au kukata.

YAH: MUDA WA KUFUNDISHIA LUGHA ZA KIGENI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa chuoni. Naandika hadharani kwa sababu barua inayopitia ngazi, kutoka idara kwenda kitivo, kutoka kitivo kwenda kamati, kutoka kamati hiyo kwenda kamati nyingine, huwafikia imekwisha makali. Sisi tunalalamikia muda, ninyi mnapokea ombi la spika mbili na projekta. Spika tukizipata tutashukuru, ila sicho tulichoomba.

Tulichoomba ni saa. Katika mitaala mingi lugha ya kigeni imepangwa sawasawa na Utangulizi wa Sosholojia au Historia ya Uchumi: saa 3 kwa wiki, wiki 15, mtihani, alama, tugeukie jingine. Sina ugomvi na masomo hayo. Lakini mwanafunzi wa historia akikosa mihadhara miwili huazima daftari la mwenzake, hukesha usiku mmoja, na keshokutwa yuko sawa na wengine. Hata akisoma kwa zimamoto wiki ya mwisho, kipo atakachokumbuka mpaka siku ya mtihani. Lugha haisomeki hivyo. Sikio lizoee sauti ngeni, neno lije lenyewe bila kutafutwa, sentensi iundwe huku mtu amekukodolea macho anasubiri jibu: hayo huja kwa kurudiarudia, leo, kesho na keshokutwa, na hakuna daftari la kuazima.

Tupige hesabu. Saa 3 kwa wiki 15 ni saa 45 kwa muhula. Mwanafunzi akisoma lugha hiyo kila muhula kwa miaka 3, bila mgomo, bila sikukuu, bila mwalimu kuugua, atakuwa amepata saa 270. Wengi hawafiki hapo. Huchukua mihula miwili ya kujazia yuniti, saa 90 kwa jumla, kisha wasifu wao wa kuombea kazi unaandika kwamba wanajua Kifaransa.

Sasa linganisheni. Foreign Service Institute, taasisi inayowaandaa wanadiplomasia wa Marekani, imefundisha lugha watu wazima kwa miongo mingi, na makadirio yake yanajulikana. Kwa Kifaransa au Kihispania imekuwa ikikadiria wiki 24 hadi 30, yaani takriban saa 550 hadi 750 za darasani. Kwa Kiswahili, wiki 36, takriban saa 830 hadi 900. Kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea ni wiki 88, saa 2,200. Na hao ni watu wanaolipwa mshahara ili wasome, wakiwa madarasa madogo, siku nzima, na jioni wana kazi ya kufanya nyumbani. Hakuna anayewaambia waunganishe na Takwimu na Mbinu za Utafiti.

(Orodha hiyo ni ya mtu aliyekulia kwenye Kiingereza. Aliyekulia kwenye Kiswahili angekuwa na orodha yake: Kizulu na Kishona vingeshuka, maana ngeli za majina hazimtishi, na Kiarabu kingempa maneno mengi anayoyafahamu tayari, hata kama sarufi yake ingemtoa jasho. Ningefurahi kuona chuo kimoja kikikaa na kuandaa orodha hiyo.)

Au tuchukue kipimo ambacho ninyi wenyewe mnakitaja kwenye mitaala: ngazi za umahiri wa lugha za Baraza la Ulaya zilizotangazwa mwaka 2001, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea. Mitaala mingi huahidi kwamba mhitimu atafika B2, ngazi ya mtu anayeweza kubishana, kufuata habari, kufanya kazi ofisini bila kushikwa mkono. Cambridge, wanaotunga mitihani ya Kiingereza inayotumika dunia nzima, wanakadiria saa 500 hadi 600 za kufundishwa ili kufika hapo. Mmeahidi B2 na mmetoa saa 270. Pengo hilo huzibwa na mtu mmoja tu, naye ni mwalimu anapokaa kusahihisha karatasi akijua akishika kalamu kwa haki nusu ya darasa itapata sapu na yeye ataitwa kujieleza.

Na hizo 270 zenyewe zinavuja. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujikaririsha silabi zisizo na maana na kupima anasahau kwa kasi gani. Alichokiona ni kwamba sehemu kubwa ya kinachosahaulika huondoka mapema sana, ndani ya saa na siku za kwanza, na kwamba marudio yaliyotawanywa hudumu kuliko yaliyorundikwa pamoja. Zaidi ya miaka 100 baadaye, ofisi ya ratiba inazipanga saa zangu 3 zote Ijumaa mchana, mfululizo, kwa kuwa ndipo ukumbi ulipopatikana. Saa ya kwanza wako macho. Ya pili wanapiga miayo. Ya tatu tunaangaliana. Kisha siku 6 bila neno moja la Kifaransa, na Ijumaa inayofuata naanza kwa kufufua walichozika. Likizo ndefu ndiyo usiseme: wiki mbili za mwanzo wa muhula huishia kwenye yale yale ya muhula uliopita.

Kuzitawanya saa hizo siku tatu, saa moja moja, hakugharimu hata senti. Ni kazi ya mtu mmoja mwenye programu ya ratiba na maelekezo kutoka kwenu. Kama barua hii itazaa jambo moja tu, liwe hilo.

Nije kwenye ukubwa wa madarasa, hapa najua fedha zinahusika. Darasa langu la wanaoanza lina wanafunzi 60. Tuseme katika saa moja mimi nazungumza dakika 20, tena nikijibana. Zinabaki 40 za kugawana watu 60: sekunde 40 kila mmoja. Zidisheni kwa saa 45 za muhula, kila mwanafunzi amefungua kinywa kwa nusu saa. Nusu saa, muhula mzima. Mtaniambia niwagawe wawiliwawili wazungumze wenyewe. Ndivyo nifanyavyo, na husaidia, lakini jozi 30 zikizungumza kwa wakati mmoja nasikia tatu, na zilizobaki hufundishana kuchapia kwa ujasiri mkubwa.

Kuna watakaosema kwamba kusikiliza kwingi kunatosha, kinywa kitafuata. Kanada walilijaribu jambo hilo kwa upana kuliko sisi sote. Mwaka 1965, huko Saint-Lambert karibu na Montreal, wazazi wa watoto wanaozungumza Kiingereza walisukuma kuanzishwe darasa ambalo watoto wao wangefundishwa masomo kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Mpango ukasambaa nchi nzima. Watoto wakaelewa Kifaransa vizuri sana. Lakini mtafiti Merrill Swain alipoandika mwaka 1985 kuhusu watoto wa mpango huo, alionyesha kwamba baada ya miaka mingi ya kusikiliza, mazungumzo na maandishi yao bado yalikuwa nyuma ya wenzao waliozaliwa na lugha hiyo, makosa ya sarufi yakiwa yamegoma kuondoka. Hoja yake ilikuwa kwamba hawakulazimika kuzungumza kwa kirefu na kusukumwa wajieleze sawasawa. Kama watoto waliopata maelfu ya saa walihitaji kusukumwa wazungumze, mwanafunzi wangu wa sekunde 40 atatokea wapi?

Sasa naomba niwaingize kwenye chumba cha mtihani, maana sidhani kama kuna mjumbe wa Seneti aliyewahi kukaa humo.

Mtihani wa mazungumzo una alama 10 kati ya 100. Zilizobaki ni za karatasi. Kwa wanafunzi 60 napewa siku moja, kwa hiyo kila mmoja ana dakika zisizozidi 7, kuingia, kusalimia na kutoka zikiwemo. Anaingia binti mmoja, mwerevu, daftari lake safi kuliko langu. Mada aliyochagua ni safari. Anaanza: alipanda treni asubuhi kwenda kumtembelea bibi yake, aliketi dirishani, aliona milima. Matamshi mazuri, wakati uliopita umekaa mahali pake, hakuna kosa hata moja. Nikamkatiza nikauliza, "Treni ilichelewa?" Akanyamaza. Akatazama dari. Nikarudia taratibu. Akatabasamu, akavuta pumzi, akaanza upya tangu sentensi ya kwanza: alipanda treni asubuhi kwenda kumtembelea bibi yake.

Nikatazama karatasi ya alama iliyopitishwa na kitivo. Kuna kisanduku cha matamshi, cha msamiati, cha usahihi wa sarufi, cha mpangilio wa mawazo. Hakuna kisanduku cha kuelewa swali. Kwa vigezo vile alistahili 9 kati ya 10, na ndizo alizopata.

Baada yake akaingia kijana mmoja mkubwa kidogo kwa umri, aliyekwisha kufanya biashara na watu wa lugha hiyo kabla ya kuja chuo. Vitenzi vyake vilikuwa vimevunjika mifupa yote. Jinsia za nomino alikuwa akizibahatisha. Lakini nilipomuuliza swali alijibu, nilipombishia alinibishia, alipokosa neno alilizunguka kwa maneno mengine mpaka nikaelewa, akanichekesha mara mbili kwa Kifaransa. Dakika zake ziliisha tungali tunazungumza. Huyo ndiye aliyepata sapu, kwa sababu karatasi ya sarufi ilitaka ajaze nafasi zilizoachwa wazi kwa hali ya kitenzi ambayo hakuwahi kuihitaji sokoni.

Simtetei asijifunze sarufi. Nilimwambia wazi kwamba bila sarufi hatoandika hata barua ya kuombea kazi. Ninachosema ni kwamba mtihani wetu umemwita yule wa kwanza hodari na huyu wa pili dhaifu, na mwajiri atakayewaita wote wawili kwenye usaili ataona kinyume chake ndani ya dakika tatu. Wanafunzi si wajinga. Wakishaona alama 90 ziko kwenye karatasi, wanasaka madesa ya mwaka jana na kuyameza. Nani angefanya vingine?

Suala la fasihi nalitaja kwa tahadhari, kwa sababu nina wenzangu ninaowaheshimu ambao watanuna. Mitaala mingi bado inamtaka mwanafunzi aliyeanza lugha kutoka sifuri asome riwaya nzima katika mwaka wa pili. Paul Nation, mmoja wa wanaoheshimika sana katika utafiti wa msamiati, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu asome riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada anahitaji takriban familia za maneno (yaani neno pamoja na vinyambuo vyake) 8,000 hadi 9,000. Mwanafunzi wa mihula mitatu, yaani saa 135, ana sehemu ndogo tu ya hizo. Hivyo haisomi ile riwaya. Anasoma muhtasari wake, kwa Kiingereza, kisha anaandika insha kuhusu dhamira. Naipenda fasihi, ndiyo iliyoniingiza kwenye Kifaransa. Lakini kumpa mtu riwaya asiyoweza kuisoma ni kumfundisha kudanganya kwa adabu. Ianze na hadithi fupi, makala za magazeti, mazungumzo ya redio, na riwaya isubiri mwaka ambao itasomeka.

Kuna watu wengine hamjawahi kuwataja kwenye vikao: wazungumzaji asilia wanaotusaidia kufundisha. Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Berlin walipoanzisha Seminari ya Lugha za Mashariki mwaka 1887, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa tangu mwanzo, na sababu haikuwa mapenzi bali ukoloni: maofisa walihitaji kutawala watu. Pamoja na maprofesa wa Kijerumani waliletwa wenyeji wa lugha. Mmoja wao, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alianza kufundisha huko mwaka 1900. Alikuwa msomi, tena mwandishi, lakini wapo wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwenda makoloni ambao hawakukubali kumheshimu mwalimu Mwafrika, na mwaka 1905 akaiacha kazi hiyo. Tofauti ya zama zile na hizi ni kubwa, sikatai. Hata hivyo, angalieni leo nani ana mkataba wa miezi 9, nani hana ofisi, nani haalikwi kwenye kikao cha idara ingawa ndiye mwenye saa nyingi kuliko wote za kuzungumza na wanafunzi. Mara nyingi ni yule yule: mwenyeji wa lugha. Kinywa cha mwanafunzi kinafunguliwa na mtu huyo, na kila Juni hajui kama Septemba atakuwepo.

Kuhusu kupeleka wanafunzi nje sitasema mengi. Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya vyuo, ilipoanza Ulaya mwaka 1987 ilikuwa na wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11, na tangu hapo imekuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya chuo kwa wenzetu. Vyuo vingi havina fedha za namna hiyo na havitakuwa nazo hivi karibuni. Lakini ipo njia ya wasiosafiri. Chuo cha Middlebury, Marekani, kimekuwa na shule za lugha za kiangazi tangu mwaka 1915. Mwanafunzi anaweka ahadi kwa maandishi kwamba kwa wiki zote za kozi atatumia lugha anayojifunza peke yake: darasani, kwenye meza ya kulia, uwanjani, hata akigombana na mwenzake wa chumba. Kinachofanya kazi pale ni ile ahadi. Bweni moja, likizo moja, wiki 4 na walimu wanaolipwa posho ya haki, chuo chochote kinaweza kujaribu.

Najua mtakachojibu, maana nimekisikia kikisemwa kwa sauti ya chini na siku hizi kwa sauti ya juu: ya nini yote hayo na simu inatafsiri? Google Translate ilianza mwaka 2006, ikaruka hatua kubwa mwaka 2016 ilipohamia kwenye mitandao ya neva, yaani programu inayojifunza yenyewe kwa mifano mingi, na tangu mwisho wa mwaka 2022 kila mwanafunzi wangu ana mfukoni programu inayoandika insha safi kuliko yangu. Sipigani nayo. Naitumia mwenyewe kukagua barua. Kwa kusoma menyu, tangazo, mkataba wa kurasa 3, inatosha kabisa, na kama lengo la kozi yenu lilikuwa hilo basi ifungeni leo. Lakini mtu anayejadiliana bei, anayemhoji mgonjwa mwenye hofu, anayekaa mezani na wajumbe wa nchi nyingine saa ya chai pale mambo yanapoamuliwa kweli, hatoi simu kila sentensi. Tena kilichouawa na mashine hizi ni insha ya nyumbani, kile kile kipimo mnachokipa alama nyingi. Mazungumzo ya ana kwa ana ndiyo yaliyobaki salama, na ndiyo mliyoyapa alama 10.

Jibu la pili hutoka ofisi ya fedha: wanafunzi wanapungua. Ni kweli, sehemu nyingi. Hesabu ya chama cha walimu wa lugha na fasihi Marekani, MLA, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2016 na 2021 wanafunzi wa vyuo wanaosoma lugha zisizo Kiingereza walipungua kwa asilimia 16.6. Mwaka 2023 bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia ilipiga kura kufuta programu 28 za shahada, za lugha za kigeni zikiwemo, pamoja na nafasi 143 za wahadhiri. Wapo wanaoutazama uamuzi ule kama mfano wa kuigwa. Mimi nawaomba mtazame takwimu zile zile za MLA mstari wa chini kidogo: katika miaka hiyo hiyo, Kikorea kiliongezeka kwa asilimia 38.3. Hakuna aliyewalazimisha wale vijana. Waliingia kwa muziki na tamthilia, wakakuta darasa liko wazi. Idara iliyofungwa haipati wimbi kama hilo likija, kwa sababu mwalimu wa lugha haagizwi kwa miezi mitatu.

Na wanafunzi hupungua kwa maamuzi ya watu pia. Uingereza ilipoondoa mwaka 2004 ulazima wa kusoma lugha ya kigeni baada ya umri wa miaka 14 katika shule za England, waliojisajili kwenye mitihani ya Kifaransa na Kijerumani waliporomoka, na vyuo vikaja kushangaa baadaye kwa nini hakuna wa kudahili. Huwezi kukata mzizi halafu ukauandikia mti barua ya onyo. Upande wa pili wa bahari, Paris, taasisi ya INALCO, yenye asili yake mwaka 1795, inafundisha lugha takriban mia, nyingine zikiwa na darasa la watu wachache tu. Wamekubali tangu zamani kwamba thamani ya kuwa na mtu anayejua lugha fulani siku inapohitajika haipimwi kwa idadi ya viti vilivyojaa Jumatatu.

Basi ninachoomba ni hiki. Wanaochukua lugha kama somo kuu wapewe saa 5 kwa wiki badala ya 3, zikiwa zimetawanywa, saa moja kila siku. Kwa mihula 6 hizo ni saa 450. Ongezeni kambi mbili za likizo za wiki 4, saa 4 kwa siku kwa siku 5 za wiki: saa 160. Jumla 610, na hapo neno B2 kwenye mtaala linaanza kuwa la kweli. Saa za ziada za mwaka wa kwanza zitoke kwenye masomo ya kuchagua, ambayo mwanafunzi anaweza kuyachukua mwaka wa tatu bila kupoteza chochote. Anayetaka mihula miwili tu ya kujazia yuniti aruhusiwe, ila cheti kiseme ukweli, A1, wala hakuna aibu ndani yake. Madarasa ya wanaoanza yasizidi watu 25. Ikishindikana mwaka huu, basi 60 wagawanywe makundi mawili kwa saa za mazungumzo tu. Mtihani wa mazungumzo upande hadi alama 40, uchukue dakika 15, uwe na watahini wawili, na karatasi ya alama iwe na kisanduku cha kuelewa na kujibu. Wazungumzaji asilia wapewe mikataba ya miaka mitatu. Na walioanza lugha shuleni wapimwe wanapofika, wasiketishwe benchi moja na wanaojifunza kusalimia.

Sio yote yataanza Septemba. La ratiba linaweza kuanza wiki ijayo. La karatasi ya alama linahitaji kikao kimoja cha kitivo, na rasimu yake ninayo, ukurasa mmoja. Ya makundi mawili inahitaji mwalimu mmoja wa ziada kwa kila lugha na chumba chenye mlango unaofungika, maana watu 30 wakizungumza kwa pamoja hupiga kelele, na mhadhiri wa chumba cha pili ana haki ya kulalamika.

Mitihani ya mazungumzo ya muhula huu itafanyika wiki ya 14. Namwalika mjumbe yeyote wa Seneti aje akae nyuma ya chumba asubuhi moja, hata kama hajui neno la Kifaransa. Atawatambua wanaojibu na wanaokariri bila kutafsiriwa. Viti vipo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kifaransa